Konokono wa Chupani

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji waliokosa kuyasikia, na wale walioomba kuyahifadhi.)

Kama umeketi na kikombe chako cha chai endelea kunywa, maana leo sizungumzii bei ya pamba. Najua wengi mlitega sikio kwa ajili hiyo. Hapa kwetu Bariadi msimu ukikaribia, mtu akizungumza jambo lisilo pamba huonekana kama aliyepotea njia. Lakini wiki hii nimepata barua iliyonikosesha raha, na barua yenyewe inahusu konokono.

Imeandikwa kwa penseli kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la hesabu, ikaletwa kwa mkono na kondakta wa basi dogo litokalo upande wa Itilima. Mwandishi ni mwanafunzi wa darasa la tano. Jina lake nalihifadhi, na la shule yake pia. Baada ya shikamoo mjomba mtangazaji na salamu kwa watu wote wa redio, anaeleza kwamba anafuga konokono watatu wa majini ndani ya chupa kubwa ya kioo, ile iliyokuwa ya achari, na chupa hiyo ameiweka dirishani ili wapate jua. Siku moja mmoja wao alipanda hadi ukingoni, akaanguka kwenye sakafu ya saruji, gamba likapasuka. Sasa nyama inaonekana kwa ubavuni. Wenzake wanamwambia amtupe. Bibi yake amesema nyumba ya konokono haijengwi mara mbili. Yeye anauliza mambo mawili: kuna dawa gani ya kuunga gamba, na je, anaweza kumhamishia kwenye gamba la konokono aliyekufa, maana analo moja zima amelitunza?

Nasema kweli, barua hii ilipofunguliwa katika chumba chetu cha habari tulicheka. Sisi tumezoea barua za ugomvi wa mipaka ya mashamba, za fisi waliovunja zizi, za mume aliyeuza ng'ombe bila kumshauri mkewe. Huyu anatuletea mgonjwa asiye na hata mguu wa kufungia bandeji! Tukacheka mpaka mwenzetu mmoja, aliyekulia Busega kando ya ziwa, akauliza swali moja tu: "Hao konokono kawatoa wapi?"

Nikaigeuza karatasi. Nyuma yake mtoto alikuwa amejibu bila kuulizwa. Aliwaokota kwenye lambo wanakonyweshea ng'ombe. Kicheko kikakatika.

Basi mwanangu, kama unanisikiliza, usitie mkono ndani ya chupa ile mpaka nimalize kusema. Usitie kabisa. Sababu nitaitoa. Lakini nitakujibu kwanza kile ulichouliza, kwa kuwa mtoto aliyeuliza swali zuri hastahili kupewa onyo mahali pa jibu.

Tuanze na hilo la kumhamisha. Haiwezekani. Watu wa pwani wamemwona kaa mdogo anayeishi ndani ya gamba la kuazima. Akikua analiacha, anatafuta lingine kubwa zaidi. Huyo ni mpangaji. Konokono si mpangaji. Gamba lake ni sehemu ya mwili wake kama kucha na mifupa ilivyo sehemu ya mwili wako, na ndani yake kuna msuli mnene uliomshika kwenye nguzo ile inayozunguka katikati ya gamba. Ukimvuta kwa nguvu utamchana msuli huo, naye atakufa. Hata anapokuwa ameng'ang'ania kioo usimvute. Msukume taratibu kwa ubavu mpaka aachie mwenyewe. Konokono anazaliwa na gamba lake dogo sana, na lile la utotoni ndiyo ncha unayoiona juu kabisa. Kuanzia pale anajenga kwa kuongeza kwenye mdomo tu, kama fundi anayerefusha nyumba kwa upande wa mlango pekee.

Fundi mwenyewe ni ngozi laini iliyoko ndani ya mdomo wa gamba, ambayo wataalamu huiita joho. Joho hilo linatoa ute, na ndani ya ute huo kuna chokaa. Chokaa hiyo ni jamii moja na ile ya ganda la yai. Juu ya chokaa konokono hupaka utando mwembamba wa rangi ya kahawia au kijani, unaofanya kazi ya rangi ya mafuta juu ya bati: kuzuia maji yasile kilichoko chini. Ndiyo maana utawaona konokono wazee wana ncha nyeupe yenye mashimo. Utando umechakaa, na maji yameanza kula chokaa.

Sasa, mama wa nyumbani anaweza kulithibitisha jambo hili jikoni bila kwenda chuo. Chukua ganda la yai, likamulie ndimu, utaliona linatoa povu. Ukali ule unayeyusha chokaa. Maji yenye ukali kidogo hufanya vivyo hivyo kwa konokono, ila polepole sana, na hutaona povu. Maji huwa makali kwa sababu za kawaida: majani yaliyooza, chakula kilichobaki, kinyesi, na kukaa muda mrefu bila kubadilishwa. Maji ya mvua nayo, ambayo sisi huyasifu kwa kufulia kwa kuwa hayapotezi sabuni, hayana chokaa karibu hata kidogo. Ukimweka konokono ndani ya maji ya mvua matupu ni sawa na kumwambia fundi ajenge bila saruji.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya gamba lililopasuka ni maji. Hapa kwetu tuna bahati ambayo wengi huiona ni kero. Visima vyetu vingi vya pampu vina maji mazito, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Mama hulalamika birika linaharibika. Ukoko huo ndio chokaa. Maji hayo ndiyo mazuri kwa konokono. Kama ni maji ya bomba yaliyotiwa dawa, yaache wazi kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuyatumia. Usibadilishe maji yote kwa mara moja. Toa theluthi, weka theluthi, kila baada ya siku chache.

Dawa ya pili ni chakula. Chemsha ganda la yai, likauke, lisage liwe unga kabisa, kisha nyunyiza kidogo majini au changanya na mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto ukalegea. Chokaa ile ya kulishia kuku inayouzwa maduka ya dawa za mifugo inafaa pia, kidogo tu. Lakini sikiliza vizuri hapa: chokaa ya kupaka ukuta isikaribie chupa hiyo. Ile imechomwa kwenye tanuru, inaunguza, itamuua siku hiyo hiyo. Kipande cha dagaa mara moja kwa wiki si vibaya, maana gamba si chokaa peke yake. Ndani yake kuna utomvu wa mwili unaoshikilia chokaa, kama nondo ndani ya zege. Mabaki yote yatolewe siku inayofuata.

Dawa ya tatu ni kumwacha. Tuna tabia ya kumgeuza geuza mgonjwa. Mpe chombo chake peke yake, maji yasiwe mengi, chombo kikae chini badala ya dirishani, na pasiwe na samaki wa kumdonoa. Kama ufa uko karibu na mdomo wa gamba, joho litaufikia, nawe baada ya wiki chache utaona ukingo mpya, mwembamba, wenye rangi iliyofifia. Kama ni ufa wa ubavuni, nyama haionekani, mwache vivyo hivyo. Atatoa ute kwa ndani, utakuwa kwanza kama karatasi ya nailoni, kisha utakuwa mgumu.

Penye tundu ambalo nyama imetoka nje pana kazi. Wafugaji wa konokono huko Ulaya na Marekani, ambako mtu mzima na heshima zake huweka tangi la kioo sebuleni na kutazama konokono jioni, hutumia kipande cha ganda la yai pamoja na ile ngozi nyembamba ya ndani yake. Hukikata kiwe kikubwa kidogo kuliko tundu, hukausha gamba pembeni ya tundu kwa kitambaa laini, kisha hukigandisha ukingoni kwa chembe ndogo sana ya ile gundi kali inayoshika vidole. Gundi isiguse nyama. Konokono hujenga kwa ndani akiegemea kiraka hicho. Mimi kwa maoni yangu, asiye na mkono mtulivu asijaribu. Nimeona watu wakiziba pancha ya baiskeli wakaongeza ya pili.

Na ukubali kwamba kovu halitafutika. Bibi alisema nyumba ya konokono haijengwi mara mbili, na kwa heshima zote namwambia bibi kwamba hujengwa, ila kiraka kinaonekana. Wako konokono katika nchi yetu hii waliojulikana duniani kwa viraka hivyo. Katika Ziwa Tanganyika wanaishi kaa wenye makucha yenye nguvu, ambao chakula chao ni konokono. Kaa anashika gamba ukingoni, anamega kidogo kidogo kama mtu anavyomenya muwa. Konokono akiponyoka, anajirudisha ndani, anaziba, anaendelea na maisha. Mwaka 1991 watafiti West, Cohen na Baron walichapisha uchunguzi wao juu ya kaa na konokono hao. Walieleza jinsi magamba ya konokono wa ziwa hilo yalivyo mazito kupita ya ndugu zao wa kwingineko, na makovu ya magamba yaliyomegwa yakaungwa tena. Wao waliyasoma makovu yale kama kumbukumbu ya vita kati ya mlaji na mliwaji, vita vya vizazi vingi sana, vilivyowafanya wa kwanza waongeze kucha na wa pili waongeze ukuta. Kwa hiyo mtu wa Kigoma akiokota gamba lenye mstari uliopinda ghafla, ameshika shajara ya mtu aliyewahi kuponea chupuchupu.

Hapo nimekujibu, mwanangu. Sasa turudi dirishani.

Pale Mwanza kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambacho kwa miaka mingi kimefanya kazi juu ya kichocho. Mtafiti anapotaka kujua kama konokono wa lambo fulani wana ugonjwa, anafanya hivi: anamtia konokono ndani ya chombo kidogo chenye maji safi, anakiweka kwenye mwanga, anasubiri. Mwanga na joto vinawaamsha vidudu waliomo mwilini mwa konokono, nao wanatoka kuogelea. Kisha anatazama kwa darubini. Anavaa glavu.

Mwanafunzi wetu naye amechukua konokono wa lambo, amewatia ndani ya chombo cha kioo, amekiweka kwenye mwanga. Ameanzisha maabara bila kujua, na glavu hana. Kila asubuhi, kwa maelezo yake mwenyewe, hutia mkono kuwatoa na kuwasafisha.

Kichocho wengi tunalijua jina, lakini safari yake tunaijua nusu nusu. Mdudu mwenyewe aligunduliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, alipokuwa akifanya kazi Cairo mwaka 1851, ndiyo maana wengine huita bilharzia. Ilichukua zaidi ya miaka 60 watu kuthibitisha kwamba Afrika mdudu huyo hupitia kwa konokono. Mwingereza Robert Leiper alilionyesha hilo huko huko Misri mwaka 1915. Mgonjwa anakojoa majini, mayai yanaanguliwa, vitoto vinamtafuta konokono wa aina yake na kumwingia. Ndani ya konokono vinaongezeka mara nyingi mno. Baada ya wiki kadhaa konokono mmoja anaweza kutoa mamia ya vidudu kwa siku, na pengine zaidi ya elfu. Hawaonekani kwa macho. Wanatoka zaidi jua linapopanda hadi mchana, yaani saa ile ile mchungaji mdogo anapofikisha ng'ombe lamboni na kuvua shati. Wanapenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache. Huhitaji kuyanywa maji, kuyagusa kunatosha. Wasipompata mtu, kwa muda wa siku mbili hivi wanakufa.

Lambo letu la mbuga ndilo makazi hasa ya konokono wa kichocho cha mkojo. Watafiti waliofanya kazi Usukuma miaka ya 1950 na 1960 walimfuatilia, wakakuta ana ujanja ambao wakulima wangeutamani: lambo likikauka hafi, anajizika kwenye udongo, anafunga mlango kwa ute, anangoja. Miezi inapita. Mvua ya kwanza ikijaza lambo anafufuka, na kwa muda mfupi lambo linajaa wanawe. Kwa hiyo anayesema lambo letu lilikauka kabisa mwaka jana, sasa ni salama, anajidanganya. Kule Busega, kwenye ukingo wa ziwa, yupo ndugu yake mwingine, bapa kama kidonge au kamba iliyosokotwa, na huyo anabeba kichocho cha tumbo.

Nitasema jambo langu hapa. Nilikuwa darasa la tatu, miaka ile huku kwetu bado kukiitwa Mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012. Tulikuwa wavulana sita tuliokuwa tukichunga pamoja. Tulishindana kukojoa mbali, na mshindi wa kweli hakuwa wa mbali bali yule ambaye mwishoni mwa mkojo wake kulitoka wekundu. Wakubwa zetu walituambia hiyo ni dalili ya kukua, mvulana anaingia utu uzima. Mimi nilisubiri kwa hamu. Siku wekundu ulipotokea nilikimbia kuwaonyesha wenzangu, tukashangilia. Maumivu nilidhani ni sehemu ya utu uzima. Nilikaa hivyo zaidi ya mwaka mmoja. Aliyeniokoa ni mjomba wangu aliyekuja likizo, akaniona nimejikunja nyuma ya choo, akanipeleka hospitali. Nilimeza vidonge, wekundu ukaisha, nami nikaona aibu kama mtu aliyevuliwa cheo.

Kati ya wale sita mmoja hakupata vidonge hivyo, si kwa kukataa bali kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyemwona nyuma ya choo. Aliugua kibofu akiwa mtu mzima mwenye watoto. Siwezi kuapa kwamba ni kichocho kilichomwua, mimi si daktari. Lakini wataalamu wanasema wazi kwamba kichocho cha mkojo kikiachwa miaka mingi huharibu kibofu na figo, huweza kuleta saratani ya kibofu, na kwa wanawake huleta vidonda vya sehemu za uzazi ambavyo hudhaniwa ni magonjwa ya aibu. Nchi yetu inahesabiwa kuwa ya pili Afrika kusini mwa Sahara kwa wingi wa kichocho, baada ya Nigeria.

Sasa utaniuliza, je, tusifuge konokono kabisa? La hasha. Mtoto anayemtazama kiumbe mdogo kwa saa nzima na kujiuliza gamba lake linaungwaje ni mtoto wa kutunzwa. Kuna njia ya kuwatofautisha, nayo ni rahisi.

Mtazame konokono anapojificha. Kama mlangoni pa gamba lake pana kifuniko kigumu anachokivuta nyuma yake, kama mtu anayefunga mlango wa bati, huyo si wa kichocho. Konokono wote wanaobeba kichocho hapa Afrika hawana kifuniko. Yuko mkubwa wa mviringo, anafikia hata ukubwa wa yai la kuku, anaishi kwenye majaruba ya mpunga na vinamasi vya ziwani, anataga mayai meupe juu ya maji; huyo ana kifuniko, na ndiye wa kufugwa. Dalili ya pili: shika gamba tupu, ncha juu, mdomo ukutazame. Wa kichocho cha mkojo, ambaye mara nyingi hazidi ukucha wa kidole gumba, mdomo wake uko mkono wako wa kushoto. Wengine wengi uko kulia. Lakini hii ya kushoto usiitegemee peke yake, kwa kuwa yupo mkubwa mmoja ambaye naye ni wa kushoto ilhali ana kifuniko. Kifuniko ndicho hakimu.

Na hata huyo mwenye kifuniko usimfuate lamboni kwa miguu mitupu, kwa sababu maji ni yale yale na jirani zake ndio wale wale. Mtu mzima mwenye mabuti na kijiti au kijiko kirefu ndiye amtoe. Aoshwe kwa maji ya kisima. Akae siku mbili kwenye maji yale ya kwanza bila kuguswa, kisha maji hayo yamwagwe kwenye udongo mkavu, mbali na maji mengine, ndipo aingie chupani. Chupa isiwe imewahi kubeba dawa ya pamba, hata kama imeoshwa mara kumi. Wala isisuguliwe kwa sabuni na kubaki na harufu. Sabuni ni sumu kwake: mwaka 1964, kule Adwa nchini Ethiopia, daktari Aklilu Lemma aliwakuta konokono wamekufa kwa wingi mtoni mahali wanawake walipofulia nguo kwa matunda ya mmea unaotoa povu, na kutokana na tukio hilo dunia ikapata dawa ya asili ya kuua konokono wa kichocho. Mrututu nao uliwahi kutumika kwa kazi hiyo hiyo ya kuua konokono kwenye mabwawa. Kwa hiyo kitu chochote chenye shaba kisiingie chupani.

Jambo la mwisho kuhusu ufugaji, kwa wale ndugu zetu wa mjini wenye matangi ya kioo ya samaki. Wako konokono wa rangi za kupendeza, wa njano na wa dhahabu, asili yao Amerika Kusini. Ukichoka nao usiwamwage mtaroni. Jamii hiyo ilipelekwa Taiwan karibu na mwaka 1980 ili iliwe, ikatoroka, ikageuka janga la mpunga katika sehemu kubwa ya Asia. Mwaka 2020 iliripotiwa kwa jirani zetu wa Kenya, katika mashamba ya mpunga ya Mwea. Anakula mche mchanga usiku, asubuhi mkulima anakuta maji matupu. Utamtambua kwa mayai yake ya rangi ya waridi yaliyoganda juu ya shina. Wakulima wa mpunga wa Maswa na Itilima mkiyaona hayo, mwiteni bwana shamba siku hiyo hiyo.

Nirudi kwa mwandishi wa barua. Kwenye pembe ya karatasi yake amemchora mgonjwa. Mchoro ni mzuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Ufa ameupaka weusi. Nikakumbuka jambo, nikaishika karatasi mbele ya macho, ncha juu. Mdomo wa gamba uko kushoto. Kifuniko hakukichora, na mtoto aliyechora hata vipembe viwili vya kichwani asingesahau kifuniko kama angekiona. Pembeni ameandika ukubwa: "kama punje ya mahindi."

Sikungoja Jumapili. Alhamisi nilimpa kondakta yule yule bahasha mbili. Moja ya mwalimu wake wa afya, nikimwomba aimwagie chupa ile maji yanayochemka, yeye mwenyewe na si mtoto, ayamwage maji hayo kwenye udongo mkavu, kisha ampeleke mwanafunzi zahanati na mkojo wake upimwe. Akikutwa nacho atapewa prazikwanteli, vidonge vile vinavyotolewa shuleni watoto wakisimamishwa kwenye kijiti cha kupimia kimo; ale kwanza ndipo ameze. Na mwalimu amwambie kwamba vidonge vinaua minyoo iliyomo, havizuii mingine isiingie kesho.

Bahasha ya pili ni ya mtoto. Hiyo ilinichukua muda mrefu zaidi kuiandika, maana aliniuliza jinsi ya kumponya na mimi namjibu kwa maji yanayochemka. Nimemwambia ukweli wote. Nimemwambia pia kwamba mwenzetu yule wa Busega ameahidi kumletea wawili wenye vifuniko, waliokwisha kukaa siku zao mbili, na kwamba mmoja wao, kwa bahati, ana kovu la zamani karibu na mdomo wa gamba. Aanze kumchora huyo.

Kondakta amerudi jana. Anasema bahasha zote mbili zimefika, na mtoto ameuliza kama wenye vifuniko wanakula mchicha au matembele. Wanakula vyote, mwanangu. Ila vichovye kwanza kwenye maji ya moto.